Kuhama Nyumba Kubwa Uzeeni: Mwongozo kwa Wazee wa Unguja na Pemba, na Watoto Wao

Nyumba zetu nyingi zilijengwa kwa hesabu ya watoto. Chumba cha wanaume, chumba cha wanawake, chumba cha bibi, ukumbi wa wageni, na banda la uani kwa jamaa anayetoka shamba kuja kusoma skuli mjini. Leo watoto wako Dar es Salaam, Muscat au London, wengine mtaa wa tatu tu na familia zao, na nyumba ile ile imebaki na mzee na mkewe, au bi mkubwa peke yake na mjukuu wa kumtuma dukani. Vyumba vitatu vimefungwa. Bati linavuja upande ambao hakuna anayelala, kwa hiyo hakuna anayejua.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue anasoma nini. Wakati wa kuhama ni ule ambao mzee bado anaweza kwenda mwenyewe kuitazama nyumba nyingine, akakataa bei isiyomridhisha, na akatia saini kwa mkono wake akijua anachosaini. Familia nyingi husubiri mpaka mzee aanguke au mwenzake afariki. Hapo mzee hahami tena, anahamishwa. Anawekwa chumba cha nyuma kwa mtoto aliyekuwa na nafasi siku ile, vitu vyake vinagawanywa akiwa hospitali, na nyumba inaanza kugombaniwa. Hatua zilizo hapa chini zinakusudia kulizuia hilo, hata kama mwisho wake utaamua kubaki ulipo.

Kwanza: pima kama wakati umefika

Anza na mwili. Weka kiti kigumu chenye egemeo, pima mita 3 mbele yake na uweke alama sakafuni. Kaa, mtu ashike saa ya simu, kisha inuka, tembea kwa mwendo wako wa kila siku hadi kwenye alama, geuka, rudi, kaa. Ukichukua sekunde 12 au zaidi, hatari ya kuanguka imekuwa kubwa. Kipimo hiki hutumiwa na wahudumu wa afya katika nchi nyingi na hakihitaji kifaa. Mwenye kushika saa asimame karibu, asikae mbali akitazama. Ukitumia mkongojo kila siku, utumie na hapo pia.

Kisha yapo mambo ambayo mzee huyafanya kimya kimya na watoto hawayaoni. Amepanga siku yake ili apande ngazi mara moja tu. Ameteremsha jiko chini ya ngazi. Ameanza kulala ukumbini na kusema kule kuna upepo. Hanywi maji baada ya Magharibi, kwa sababu choo kiko uani na usiku anaogopa kuteleza. Hili la maji liangalieni sana, maana mzee anayejinyima maji kwenye joto letu hupata kizunguzungu, na kizunguzungu ndicho kinachomwangusha. Ukiona mawili katika haya, nyumba imeshaanza kumshinda hata kama mdomo wake unasema bado.

Pima na nyumba yenyewe. Wakaazi wa Mji Mkongwe wana mzigo wa peke yake. Nyumba za mawe na chokaa zimesimama juu ya boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Adui wa nyumba hizo ni maji. Paa likivuja, ncha za boriti zilizozama ukutani huoza kwanza, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi asiyejua kazi akija akakandika ukuta wa chokaa kwa saruji, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unazidi kuumwa. Kila tengenezo la maana linataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Tuliona tarehe 25 Desemba 2020 jinsi sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, ilivyoporomoka kazi ya ukarabati ikiendelea, na roho za watu zikapotea. Mstaafu mmoja hawezi kubeba peke yake kazi ya namna hiyo. Ikiwa masika mawili yamepita na dari ile ile bado inavuja kwa sababu hukupata fedha au fundi, hesabu hiyo kuwa ni jibu.

Kwa nyumba za matofali na bati za Ng'ambo, Chake au Wete mambo ni mepesi kidogo. Hapo tazama kutu ya bati na misumari, hasa kama uko karibu na pwani, mbao za kenchi, na shimo la choo.

Kipimo cha mwisho ni watu. Nani ana ufunguo wako? Ukianguka saa nane ya usiku, nani atasikia? Lakini hapa nina tahadhari. Mzee mwenye baraza ya kukaa alasiri, msikiti wa hatua chache, na jirani anayemgongea mlango asubuhi asipomwona, ana kitu ambacho nyumba mpya yenye marumaru haina. Nimewaona waliohamishwa kupelekwa nyumba nzuri za nje ya mji wakadhoofika kwa upweke. Kwa hiyo tafuta kwanza ndani ya mtaa wako, au mtaa wa pili, kabla hujatazama mbali.

Na kuna nyakati ambazo jambo hili halifai kuamuliwa kabisa. Mwanamke aliye eda hakai kujadili kuuza nyumba. Miezi minne na siku kumi ni zake, na anazikaa katika nyumba alimofiwa. Hata baada ya eda, ikiwa hakuna hatari ya nyumba kuanguka wala deni linalobana, ningemwacha mjane atimize mwaka kabla ya kuulizwa. Usiamue ukiwa mgonjwa kitandani. Na usiamue kwa sababu mtoto mmoja anataka mtaji wa biashara. Huyo anatafuta fedha, na haja ya fedha yake isiitwe huruma ya mzazi.

Pili: nyumba ni ya nani?

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kabla ya kuzungumza bei na dalali, toa karatasi zote sandukuni uzisome.

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inampa mtu haki ya matumizi. Unachouza ni haki hiyo pamoja na jengo lililo juu yake. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kujua haki hiyo imeandikwa kwa jina la nani leo. Watu wengi wana barua ya kugaiwa kiwanja tu, au mkataba wa kununua ulioandikwa mbele ya sheha na mashahidi wawili ambao sasa ni marehemu. Nenda Kamisheni ya Ardhi na ulichonacho, uulize kinachokosekana, na uanze kukitafuta sasa hivi hata kama huna nia ya kuuza mwaka huu. Kazi ya karatasi huchukua muda, na ni rahisi zaidi mwenye jina akiwa hai na ana kumbukumbu zake.

Nyumba ya baba aliyefariki ambayo mirathi yake haijapigwa si ya mama, hata kama mama ameishi humo tangu siku ya harusi. Hapa familia nyingi hushituka. Chukua mfano. Marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake hawapo. Madeni na gharama za maziko zimeshalipwa, wala hakuacha wasia. Nyumba ikauzwa shilingi 80,000,000. Mke aliyeachwa na watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, nayo ni 10,000,000. Zinabaki 70,000,000, na mwanamume ana mafungu mawili ya mwanamke, kwa hiyo mafungu ni saba: kila binti 10,000,000 na kila kijana 20,000,000. Mama aliyekuwa akiishi katika nyumba ya milioni themanini anaondoka na milioni kumi. Kwa fedha hiyo hanunui nyumba ya kadiri popote karibu na mji.

Njia za halali za kumlinda zipo, ila nyingi zinataka kufanywa mapema.

Mume akiwa hai na mwenye afya anaweza kumpa mkewe nyumba, au sehemu yake, kwa hiba. Hiba hutimia kwa kukabidhi. Kusema "hii ni yako" halafu kuendelea kuishika kama mali yako huleta mzozo baadaye. Iandikwe, ishuhudiwe, na haki ibadilishwe jina. Hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti haihesabiwi kama hiba ya mzima. Huangaliwa kwa hukumu za wasia. Na wasia haupiti thuluthi ya mali, wala mrithi haandikiwi wasia isipokuwa warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo mzee anayesema "nitamwandikia mama yenu nyumba kwenye wasia" huenda asimwachie kitu.

Kama kifo kimeshatokea, warithi waliobaleghe wanaweza kumwachia mama mafungu yao kwa hiari, au kukubaliana kwamba fedha ya mauzo inamnunulia mama makaazi kwanza ndipo kinachobaki kigaiwe. Makubaliano hayo yaandikwe mbele ya Kadhi au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, si kwenye kundi la simu la familia. Fungu la mrithi ambaye bado mtoto mdogo haliguswi kwa ridhaa ya kaka zake.

Mke naye kama alichangia kujenga, kwa mshahara wake, kwa dhahabu aliyouza, kwa karafuu za shamba la kwao, basi mchango huo uandikwe wakati mume yu hai. Nasema hili kwa mkazo, kwa sababu mara nyingi wanawake wetu hujenga nusu ya nyumba, halafu mbele ya Mahkama hawana hata kijikaratasi kimoja.

Yapo mengine matatu ya kuuliza. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Ukiwa mpangaji wa wakfu unaweza kuirudisha au kuomba nyingine, lakini usipokee kilemba cha siri kutoka kwa mtu anayetaka kuingia, maana chumba si chako kumpa. Eka tatu walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake. Hazikatwi viwanja kiholela, kwa hiyo mzee anayefikiria kujenga kijumba kwenye eka ya baba yake aulize kwanza. Na mtoto aliyechukua uraia wa nchi nyingine: Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili, basi usimwandikishe haki ya ardhi kabla ya kumwona mwanasheria.

Tatu: piga hesabu kwa daftari

Nunua daftari la skuli. Kwa miezi mitatu andika kila senti nyumba inayokula: umeme wa Tukuza, maji, fundi, rangi, msichana wa kazi, bodaboda ya kwenda sokoni au hospitali. Kisha ongeza kwa makisio yale yanayokuja mara moja kwa miaka kadhaa, kama bati, kunyonya choo, kubadilisha nyaya za umeme, uyagawe kwa mwaka. Upande wa pili andika kinachoingia kwa uhakika: pensheni ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) au ya serikali, kodi ya chumba kama unapangisha, na Pensheni Jamii kwa aliyefika miaka 70. Hiyo ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa. Fedha anazotuma mtoto aliye nje ziandike kwenye ukurasa wa peke yake, na usizitegemee katika hesabu ya nyumba. Mtoto hupoteza kazi, huoa, huugua.

Kama unauza, usitazame bei tu. Toa udalali, wakili, ada na kodi za serikali, mafungu ya warithi, na madeni. Kisha toa bei ya makaazi mapya pamoja na matengenezo yake, ambayo mara zote huzidi fundi alivyosema. Kinachobaki kiwe kinaweza kukulisha angalau miaka miwili bila msaada wa mtu. Kisipofika, nyumba unayotaka kununua bado ni kubwa kwako, au hukupaswa kuuza.

Neno kwa waajiriwa wanaokaribia miaka 60. Kiinua mgongo kikitoka, desturi yetu ni kupandisha ghorofa. Nakuomba ufikirie mara mbili. Fedha ile ile ingeweza kukujengea chini chumba kipana, choo cha ndani na jiko, vyote usawa mmoja na mlango wa nje, na ukabaki na akiba. Ghorofa unayopandisha ukiwa na 60 huenda usiipande ukiwa na 75.

Nne: njia zilizopo, kuanzia iliyo nyepesi

Usikimbilie kuuza. Njia ya kwanza ni kuteremka ndani ya nyumba yako. Hamia chini, geuza stoo au chumba cha wageni kuwa chumba chako, tia choo ndani, na juu apewe mtoto au mpangaji. Kwa wengi hii inatosha kabisa, na mtaa unabaki ule ule.

Ya pili ni kugawa nyumba. Ukuta mmoja na mlango wa pembeni unaweza kukutolea vyumba viwili vyako na vitatu vya kupangisha. Kodi inalipa matengenezo, na usiku kuna mtu mwingine ndani ya ua. Chagua mpangaji kama unavyochagua mkwe: kwa kuulizia alikotoka. Andikianeni mkataba, mita ya umeme iwe mbali mbali, la sivyo kila mwezi mtagombana.

Ya tatu ni fleti. Maflati ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na yale ya Kilimani, au ya Madungu na Mtemani kule Pemba, yana faida ya majirani wengi na barabara karibu. Kwa mzee, swali ni ghorofa ya ngapi. Ya chini ni nyumba. Ya nne ni kifungo siku goti litakapokataa. Uliza pia maji yanafika ghorofa ile kwa mkondo au kwa ndoo, na anayeuza ana haki gani hasa, kwani fleti nyingi ni za serikali na waliomo ni wakaazi tu. Umiliki wa fleti moja ndani ya jengo una sheria yake, Sheria ya Kondominium ya 2010, na ndani yake muna gharama za pamoja za ngazi, paa na maji. Muulize wakili akueleze utalipa nini kila mwezi.

Ya nne ni kurudi shamba, au kurudi Pemba kwa waliohamia Unguja. Moyo unavutika, najua. Kuna minazi, kuna mikarafuu, kuna makaburi ya wazee. Lakini jiulize nani wa rika lako bado yuko hai kijijini, na ukihitaji daktari utafika wapi. Kwa mwenye kisukari au presha anayehudhuria kliniki Mnazi Mmoja, kuhamia Makangale ni uamuzi wa kitabibu pia. Akikaa karibu na Mkoani, ambako kuna Hospitali ya Abdulla Mzee, au karibu na Chake au Wete, jambo linakuwa jengine.

Ya tano ni kwenda kwa mtoto. Ni jambo la heshima kwetu, na mtoto hupata radhi. Hata hivyo yawekwe wazi mapema: chumba chako ni kipi, nani atapika, wageni wako watakaa wapi, na kama umetia fedha zako kuongeza chumba kwa mtoto, je, chumba kile ni chako, ni mkopo, au ni zawadi? Usipolisema, siku ya mirathi watalisema wengine. Kwa kawaida mzigo humwangukia binti au mkwe wa kike. Yeye aulizwe mwenyewe, asisemewe na mumewe.

Kwa mzee asiye na jamaa wa kumtunza zipo nyumba za wazee za serikali, kama Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba. Kwenda huko si aibu. Aibu ni kumwacha mzee peke yake kwenye nyumba inayovuja kwa kuogopa maneno ya watu.

Tano: kuzungumza

Mtoto asianze na nyumba. Aanze na salamu, akae chini, aulize hali ya goti, ndipo aseme: "Mama, nataka rai yako. Ngazi hizi zinanitia hofu juu yako. Wewe mwenyewe unaonaje?" Halafu anyamaze. Ukianza na "mama, nyumba hii imekushinda", umemvua heshima mbele ya wajukuu na jawabu utapata: "Nitatoka humu nikibebwa." Na mzee akishasema hivyo mbele ya watu, kurudi nyuma kwake ni kazi.

Mzazi naye asiwafiche. Waite wote, pamoja na walio nje kwa simu, siku moja, wasikie neno moja. Ukimwambia mmoja kwanza, wengine watadhani ameshapewa. Waeleze umeamua nini, unataka msaada gani, na lipi halijadiliwi. Wakikuomba muda wa kufikiri, wape, lakini taja siku ya kukutana tena. Wengi pia huswali istikhara kabla ya kukata shauri, na ni vyema.

Sita: kagua unakokwenda

Nyumba njema si mlango. Nenda mara mbili, moja ya mara hizo iwe siku ya mvua kubwa ya masika, maana kuna mitaa ya Unguja inayopendeza Januari na kujaa maji Aprili. Nenda na futi ya kupimia.

Mlango wa chumba na wa choo uwe na upana wa sentimita 80 angalau, ili siku ya kiti cha magurudumu upite. Milango mingi ya vyoo vyetu haifiki hapo. Choo kiwe cha kukaa, kimo cha sentimita 43 hadi 48, na pembeni kuwe na ukuta imara wa kufungia chuma cha kushikia. Ukuta wa mbao nyepesi haubebi uzito wa mtu. Kama kuna kizingiti au ngazi mlangoni, pima kimo chake: kwa kila sentimita 10 za kimo, mteremko unataka sentimita 120 za urefu. Ngazi ya sentimita 30 inataka mita 3.6, na uchochoro mwingi hauna nafasi hiyo. Marumaru zinazong'aa zikimwagikiwa na maji huangusha hata kijana. Tafuta sakafu isiyoteleza bafuni. Swichi ya taa iwe karibu na kitanda.

Tazama na nje. Mfereji unatoa maji siku ngapi kwa wiki, na tangi liko wapi? Gari ya wagonjwa inafika mlangoni au inaishia barabarani? Msikiti, duka la dawa, genge na kituo cha daladala viko mwendo gani kwa mguu wako, si kwa mguu wa dalali? Kisha, ukiweza, kaa hapo au mtaa huo kwa wiki mbili kama mgeni wa mtu, ukilala na kuamka. Kelele za usiku, joto la mchana na tabia ya majirani huwezi kuziona kwa kupita.

Saba: kuuza bila kudhulumiwa

Pata bei kutoka kwa watu watatu wasiojuana, mmoja awe mthamini anayetambulika. Kubaliana na dalali asilimia yake kwa maandishi, na mnunuzi ajulikane kwa jina kabla ya kupelekwa kwa dalali wa pili. Sheha wa shehia yako ajue, wakili aandike, na mauzo yapitie uhaulishaji rasmi, yaani kubadilishwa jina la mwenye haki. Mkataba wa mkononi usioandikishwa utakutesa wewe au warithi wako. Fedha iingie benki, katika akaunti yenye jina lako, mbele ya mtoto zaidi ya mmoja. Usihame kabla fedha haijakamilika. Mnunuzi anayesema atalipa nusu sasa na nusu baada ya Idd, mpe nusu ya funguo.

Milango ya nakshi, mbao za zamani na vioo vya rangi vya Mji Mkongwe visiuzwe kwa mtu anayekuja kugonga mlango akisema ni vitu vibovu. Ni sehemu ya jengo, na kuvitoa kunataka kibali.

Nane: vitu

Anza na karatasi, dawa na nguo, malizia na picha. Kwenye picha mtu hukaa siku nzima, na ana haki ya kukaa.

Masufuria makubwa ya shughuli, majamvi na sahani za biriani ndivyo vinavyojaza stoo. Vingi vinaweza kupewa msikiti au madrasa ya mtaa, ambako vitaendelea kutumika katika maulidi na hitima, nawe ukaandikiwa thawabu. Kitanda cha samadari kipime kabla ya kukipakia. Vyumba vya sasa na milango yake mara nyingi havikikubali. Kila mtoto achague kitu kimoja cha kumbukumbu wewe ukiwapo, na vile vya thamani, kama dhahabu na visahani vya kale, viandikwe nani kapewa na lini. Nguo za marehemu mwenzako zitoe pale utakapokuwa tayari. Asikuharakize mtu.

Tisa: siku ya kuhama na miezi ya mwanzo

Chagua siku isiyo ya Ramadhani, mahamali waje asubuhi mapema, na mzee asifanye kazi ya kubeba wala kusimamia juani. Chumba chake kipangwe kwanza: kitanda, taa, msala, dawa, maji ya kunywa. Mengine yatasubiri. Usiku wa kwanza alale na mtu, kwa sababu mwili utakuwa unatafuta choo upande kilipokuwa zamani. Acha taa ndogo ikiwaka njiani.

Katika wiki ya kwanza soma Yasin au maulidi mafupi, ualike majirani wapya pamoja na wachache wa zamani. Ndivyo mtaa unavyokujua. Mtu mmoja wa jirani apewe ufunguo na namba za watoto.

Kisha maliza mambo ya ofisini. Mwarifu sheha wa unakotoka na wa unakohamia, ili jina lako la Pensheni Jamii lisipotee katikati ya shehia mbili. Badilisha anwani ZSSF na benki, hamisha kadi ya kliniki kama umebadilisha hospitali, na funga deni la maji la nyumba ya zamani upate risiti. Nakala za hati mpya ziwe tatu: moja kwako, moja kwa wakili, moja kwa mtoto unayemwamini, na watoto wote wajue ni yupi.